Nilikodi Watu Wajifanye Wapangaji, Mama Mkwe Akanunua Ofisi

Nimekosa, na sitaki mtu anitetee. Nimenyamaza vya kutosha. Wacha niseme hapa, ambapo hamnijui.

Naishi Kitengela na mume wangu na watoto wetu wawili. Nilikuwa nauza ofisi katika jengo moja refu Nairobi. Siku hizo kila mwenye shamba alikuwa anaambiwa auze, anunue ofisi mjini, makampuni yatapanga na kodi itaingia yenyewe. Kumbe makampuni yalikuwa yanahama! Wafanyakazi wao walishazoea kufanyia kazi nyumbani. Jengo letu lilikuwa tupu, ghorofa baada ya ghorofa.

Bosi akatafuta ujanja. Siku wanunuzi wakija kutazama, tunakodi watu waliovaa vizuri, wanakaa ghorofa ya nane na kujifanya wapangaji. Nani aliyewatafuta? Ni mimi! Tena nilijiona mjanja. Niliwafundisha hata namna ya kushika simu kama watu wenye shughuli.

Mama mkwe wangu, mjane, alikuwa anafuga kuku kwenye shamba aliloachiwa na mumewe kule Isinya. Magoti yalikuwa yamemchosha. Akasikia wenzake kanisani wakisifu hizo ofisi, akaja bila kuniambia, ati anifurahishe. Jamani! Lifti ilipofunguka nilimwona katikati ya wanunuzi, amevaa nguo zake za Jumapili, hati ya shamba inachungulia kwa mkoba.

Bosi alikuwa nyuma yangu, hatua mbili hivi. Nikawazungusha wageni huku namwomba Mungu mama aone mwenyewe.

Alisimama kando ya mwanamke mmoja aliyekuwa anabonyeza kompyuta isiyokuwa na hata waya. Nikasema moyoni, mama, angalia nyuma ya hiyo meza, angalia tu! Mama akamwambia pole na kazi, akapita.

Halafu akanishika mkono, akanivuta pembeni.

"Mama Shiru, mimi sijui mambo ya huku. Hawa watu wanalipa kodi kweli?"

Bosi alinikazia macho. Nilifikiria kazi yangu, nikafikiria karo ya watoto.

"Wanalipa, mum."

Basi. Mume wangu alimsihi asiuze shamba la baba yake, lakini mama akamwambia mkeo ndiye yuko huko ndani, atatudanganya kweli? Akauza, akanunua ofisi moja kwenye ghorofa hiyo hiyo, akahamia kwetu angoje kodi.

Mwaka mzima nilimwambia wapangaji wamechelewa kulipa. Mwaka mzima! Asubuhi moja akavaa, akasema anaenda kuzungumza nao kiungwana. Nilikuwa nimeshatangulia kazini. Mlinzi aliponiambia kuna mama amepanda juu, nilikimbilia lifti. Nilimkuta ameketi peke yake kwenye meza, vumbi limejaa mikono ya sweta yake.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mum."

Alijipangusa vumbi la sweta. Nilingoja anitukane, hata anilaani. Ingekuwa afadhali!

"Usimwambie mwanangu," akasema. "Atakufukuza, na hao watoto bado ni wadogo."

Tangu siku hiyo hajanikumbusha, na mume wangu anajua tu kwamba wapangaji walihama. Ananisaidia kuosha vyombo, ananiombea nipate kazi nyingine, maana ile niliyoiuzia roho yangu nilifutwa jengo liliposhindwa kuuzika.

Jumapili iliyopita tulikuwa mezani. Mume wangu akamwambia mama yake kwamba tamaa yake ya mjini ndiyo imemaliza jasho la baba. Alisema mbele ya watoto. Mama akavuta sahani yake, wala hakunitazama. Mimi nilikuwa napakua chakula. Nikaendelea kupakua!

Ninyi mnaotaka kununua ofisi, msiamini watu mliowakuta wameketi. Rudini siku ambayo hamtarajiwi, mpige hodi kila mlango. Na ninyi mnaouza, siku mtu wenu akiwauliza, mwambieni ukweli pale pale, kazi ikitaka kwenda iende. Ukishadanganya, rudi useme siku hiyo hiyo, usingoje kama mimi. Kila asubuhi nasema leo nitamwambia mume wangu, na kila jioni mama analala nyumbani kwangu akiwa ndiye mwenye makosa.