Wageni wa Jumapili wa Illuminée

Illuminée hakuvumilia harufu ya dawa za wadudu. Alipokuwa mtoto, baba yake alipulizia kahawa, akala bila kunawa, akalazwa wiki mbili. Kwa hiyo yeye na mumewe Cassien walipopata kipande cha mteremko Kagarama, alisema wazi kwamba tone la dawa halitaingia pale. Walilima kwa samadi, majivu na maji ya pilipili. Walipanda maracuja, yaani pesheni, mananasi, parachichi na ibinyomoro, yale matunda mekundu yenye uchachu. Jirani yao Silvère, fundi wa kupandikiza miparachichi, alifanya kazi nao tangu mwanzo.

Mwaka 1991 wakaanza kupokea wageni. Jumapili baada ya misa, watu wa mjini walikuja na magari, wakatembea shambani wakichuma na kula, kisha wakakaa chini ya uchanja wa maracuja kula mishikaki ya mbuzi. Illuminée alipenda kuona watu wakila tunda bila kulisugua kwanza.

Mapema mwaka 1993 alikuja Eustache, mkubwa wa ofisi moja mjini, pamoja na mkewe na rafiki zake wanne. Alisifu kila kitu. Akauliza wanapambana vipi na magugu bila dawa. Silvère, aliyekuwa akimimina juisi, alimweleza kwamba wanayang'oa kwa mkono, mapema, kabla hayajatoa mbegu.

Silvère alikuwa Mtutsi, na mwaka ule maneno fulani yalikuwa hayanong'onwi tena, yalisemwa kwa sauti. Eustache alimtazama usoni, akawageukia wenzake.

"Mmesikia? Hata wao wenyewe wanajua. Magugu yanang'olewa mapema, pamoja na mbegu zake."

Wakacheka. Mke wa Eustache hakucheka wala hakuacha kula. Aliendelea kufyonza mbegu za maracuja, maji ya manjano yakimchuruzika kidevuni. Silvère alimaliza kumimina, akaweka jagi chini, akaenda zake. Alikuwa na wana wawili.

Illuminée aliichukua sahani mbele ya Eustache.

"Muzehe, chakula kimekwisha."

"Sahani iko imejaa, madamu."

"Kimekwisha."

Akaimwaga kwenye ndoo ya nguruwe, wakimwangalia.

Jumapili iliyofuata hakuja mtu, wala ile nyingine. Matunda yalianguka yakaoza, nzi wakajaa hadi jikoni. Cassien alizunguka nyumba akisema mkono wa mtu yule unafika mbali. Wiki ya tatu kapu la ibinyomoro bora halikuonekana. Jioni Cassien akarudi mikono mitupu, uso umetulia. Alieleza kwamba amekwenda nalo nyumbani kwa Eustache kuomba radhi, na amesamehewa. Wageni watarudi, ila Silvère asionekane siku za Jumapili.

"Na wewe ukasemaje?"

"Nilisema sawa, mke wangu. Ningesema nini?"

Illuminée alitoka akatapika nyuma ya jiko. Aliporudi alimwambia, "Wageni wako utawahudumia mwenyewe." Tangu siku hiyo hakuweza kula kilichoshikwa na mikono ya mumewe.

Magari yaliporudi, yeye na Silvère walijitwika makapu wakaenda kwa miguu hadi mtaa wa Gisimenti mjini, wakauza maracuja kwenye mabaa. Huku nyuma Cassien alikata mananasi vibaya, akaunguza mishikaki, akacheka kila mgeni alipocheka. Haikumsaidia kitu; kufikia Mei wageni walikuwa wamepata mahali pengine.

Njiani Silvère hakuongelea siku ile hata mara moja. Mwezi wa Juni alisema tu kwamba ana shemeji Bukoba, ng'ambo ya mpaka, na kwamba mkewe ameshafunga mizigo. Illuminée alimpa parachichi za safari na blanketi. Alisimama barabarani akiitazama familia ile ikishuka kilima, na moyo wake ukawa mwepesi: sasa hakuna atakayekuja kuuliza habari za Silvère hapa, hakuna atakayewaangalia wao kwa jicho baya.

Aliujua wepesi ule ni wa nini. Ulikuwa ni ule ule aliouona usoni kwa Cassien jioni ya kapu. Aliingia ndani akanawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, halafu akaketi kitandani bila kuifuta. Cassien alimuuliza kama atakula. Illuminée aliitazama mikono yake mwenyewe, ingali na maji.