Flashi Niliyopeleka Theta

Niliapa kwamba siku ya ruracio, tukienda kumposa Wambui kwao Theta, baba yake, mzee wa kununa, lazima acheze. Nikiwa Ruiru nilijaza flashi nyimbo nizipendazo: benga ya zamani, rumba, injili, na za vijana za juzi. Mwishowe nikahamishia humo sauti zote zilizorekodiwa kwenye simu yangu bila kukagua.

Kwa desturi yetu, anayeoa hunyamaza. Mjomba ndiye husema. Basi kule Theta nikachomeka flashi kwenye spika, nikaketi. Benga ikalia, mzee akasimama, mabega yakaanza kutikisika. Wimbo ulipoisha, spika ikatoa sauti yangu, niliyojirekodi nikijipa moyo: “Mzee, nuna mpaka uchoke! Sitoki hapa bila Wambui!”

Mzee akanigeukia. “Ngai! Kumbe huyu huongea? Hebu simama, urudie nikikuangalia.”

Nikasimama.