Shosho wa Runinga na Mkono Wake

Jumamosi, katika saluni ya Rhonda ninakosuka nywele, kipindi cha vikaragosi chenye Shosho, yule bibi mzee wa kijijini, kilipoanza kwenye runinga, kelele zilianza pia.

"Tangu kipindi kinunuliwe na hawa wamiliki wapya, Shosho ameharibika kabisa!" alisema mteja niliyekuwa nikimsuka. "Zamani, kabla ya kusalimia watu, alipangusa mkono kwenye leso aliyojifunga kiunoni, kama mtu wa Molo aliyetoka kuchimba viazi. Siku hizi anapunga tu kama malkia!"

"Anayemchezesha afutwe!" mwingine akadakia.

Mathe mmoja, mama wa makamo aliyekuwa chini ya draya ya kukausha nywele, akatoa kichwa. "Anayemchezesha ni kijana wangu. Ndiyo kazi yake ya kwanza."

Hapo mteja wangu akaruka, nywele zikiwa zimesukwa nusu. "Si umpigie basi, mathe! Mwambie apanguse mkono!"

Mathe akapiga, akaweka spika, akamweleza. Kijana akajibu, "Mum, hata mimi nimewaomba hao wamiliki. Wanasema leso ni ushamba."

Saluni ikalipuka tena, safari hii tukimtetea kijana. Nami nawauliza wenye kipindi: huo mkono safi ni wa shosho wa nani?