Nguo Ziligusa Chini

Mjohoro wetu wa Masumbwe ulikuwa umeiinamia nyumba tangu tulipohamia, wala sikuuogopa. Nilifunga kamba ya kuanikia nguo kutoka kwenye shina lake hadi kwenye nguzo ya baraza, nikauona kuwa mti wa manufaa. Hofu ilinianza asubuhi moja baada ya mvua ya upepo mkali. Nilikuwa nafagia upande wa barabara nikaona ardhi imepasuka karibu na mizizi. Niliingiza mkono kwenye ufa, ukazama hadi kiwiko.

Wanangu wawili walikuwa wanalala chumba kilicho chini ya matawi yale. Niliwahamishia sebuleni siku hiyohiyo. Tangu hapo upepo ukivuma kidogo tu, natoka nje kuutazama mti.

Nilimwomba mume wangu aite fundi wa kukata miti. Yeye alikuwa amechimba dhahabu zaidi ya miaka kumi, na mchimbaji hapendi kufundishwa habari za ardhi.

"Mama watoto," alisema huku anacheka, "mimi niliyeshuka futi mia chini ya ardhi, nishindwe na mjohoro?"

Mdomo wangu hauna breki. Nikamjibu, "Maneno mengi, na mti bado umesimama." Jibu hilo nalijutia mpaka leo.

Kesho yake, watoto wakiwa shuleni, alichukua sururu na koleo. Hesabu yake ilikuwa ya duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu: ukichimba upande mmoja, udongo huangukia kwenye uwazi. Basi akachimba upande wa barabara, palepale penye ufa, ili mti uangukie huko na nyumba isalimike. Hata mimi niliona ni akili. Hatukujua kwamba mizizi ya upande ule ndiyo iliyokuwa ikiushikilia mti usitulalie.

Kufika saa sita alikuwa ameufuata mzizi mmoja mnene mpaka chini ya shina, kama anavyoufuata mwamba wenye dhahabu. Nilikuwa naona nyayo zake tu. Mimi nilikuwa nimeanika sare za shule na shuka, nikaketi barazani kuchambua mchele.

Nilipoinua macho, shuka lilikuwa linaburuta kwenye matope. Nilikasirika. Nilijua nimeikaza kamba ile kwa mikono yangu miwili.

"Baba watoto, nguo zimegusa chini!"

"Zianue basi!" alijibu kutoka shimoni.

Nilisimama nizianue. Nikiwa naangalia, mikono ya shati nayo ikashuka, ikalala juu ya matope. Hakukuwa na upepo. Nguzo ya baraza ilikuwa mahali pake. Ndipo nikaelewa kwamba kamba inalegea kwa sababu mti unaisogelea nyumba, na mume wangu yuko chini yake. Nilitaka kumweleza habari za kamba na shina, lakini yeye ni mtu wa kubishana, na kubishana kungemuua.

Nikakumbuka alichowahi kunisimulia: duarani, aliye juu akisema toka, aliye chini haulizi, hutoka kwanza. Ataulizia juu.

"Toka!" nilipiga kelele. "Toka nje! Toka!"

Alitoka kinyumenyume kwa magoti, mdomo umejaa udongo, akakimbia mpaka barabarani. Bado hajageuka tukasikia mizizi ikikatika, mmoja baada ya mwingine. Ardhi ya upande wa barabara ikanyanyuka, mti ukalalia paa la chumba cha watoto, bati likakunjika. Ukakwama hapo. Nilianza kulia kwa sauti bila aibu, majirani wanatazama.

Fundi alitoka Nyahanga siku iliyofuata na lori, msumeno wa injini, kamba nene na kofia ngumu. Alikataa kabisa kuupanda mti. Alitutoa nyumbani sote, akaufunga mti kwa kamba pande mbili, akaweka nguzo za kuutegemeza, kisha akasimama juu ya lori akapunguza matawi kidogokidogo, kila tawi likishushwa kwa kamba. Kisiki kilikuwa kimeinuka upande mmoja, shimo liko wazi chini yake.

"Ngoja nichukue sururu yangu," mume wangu alisema, akaanza kulielekea shimo.

Fundi alimshika mkono. "Yaya, mzee wangu," alisema, na yaya, yaani hapana ya Kisukuma, haina mjadala. "Upande wa mizizi hapiti mtu."

Mume wangu alinuna. Nilimwona akipima kwa macho: hatua nne kwenda, nne kurudi. Nilimshika shati kwa nyuma, na sikuliachia.

Fundi alipolikata shina, kisiki kilichokuwa kimeinuliwa na uzito wake kikarudi chenyewe. Kilisimama wima, kikaketi shimoni kwa kishindo nilichokisikia tumboni. Shimo lote likaziba. Hata ufa sikuuona tena.

Fundi alizima msumeno. "Mmeacha kitu humo?"

Mume wangu alikuwa bado anapatazama pale palipokuwa na shimo.

"Sururu," nikajibu mimi. "Sururu tu."

Bado nilikuwa nimelishika shati lake.