Kichwa cha Kifalme cha Bachubai

Masalu alishuku hata salamu. Tangu kiwanda cha nguo kimpunguze kazi mwaka 1993, alichonga mawe ya makaburi pale Mkuyuni, na kwake kila mteja alikuwa tapeli mpaka athibitishe vinginevyo. Msimlaumu sana, aliwahi kulizwa.

Siku moja akaja Bachubai, mjane wa Kihindu mwenye duka la vitenge.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akatoa picha ya msichana, na ukurasa uliochanwa kitabuni: kichwa cha jiwe cha mfalme wa Misri ya kale, macho wazi, uso hauna hata kunyanzi moja.

"Nichongee binti yangu Hetal hivi. Wafalme wale walichongwa vijana hata wakifa wazee. Sura iliwekwa kaburini ili roho ijue pa kurudi. Fanya haraka, Masalu, macho yangu yanakwisha. Nataka nimwone."

Akaondoka akipapasa ukuta.

Roho irudi? Ya nani? Wahindu, alivyowajua Masalu, huchoma maiti na majivu huyatia ziwani, kaburi hawana. Basi jiwe la nini? Na haraka ya nini? Kama anamtaka huyo Hetal, si amfuate aliko? Hapo akaona ameelewa: kaburi hakuna kwa kuwa maiti hakuna, binti yu hai, na bibi huyu anataka kuifunga roho yake ndani ya jiwe.

"Si umuulize?" akasema mkewe, Sabina.

"Mchawi haulizwi."

Hayo ndiyo majibu ya mjinga anayejiona mjanja! Akachonga kwa kusuasua, wiki zikawa miezi. Kidevu, midomo, mashavu, vyote alivifuata kama ukurasani. Macho akayaacha bapa makusudi, ili roho isipate pa kuingilia.

Baada ya miezi minne Bachubai akarudi, ameshikwa mkono na mwanawe, Mohanlal.

"Mama haoni tena," Mohanlal akasema. "Tumechelewa. Dada alikufa kwa homa mwaka juzi, picha yenyewe ni hiyo moja."

Masalu aliona aibu. Bachubai akaliendea jiwe kwa vidole: kidevu, midomo, akatabasamu. Vidole vikapanda mpaka machoni, akasita, akarudia tena na tena.

"Amelala?"

Masalu alitaka kusema kazi haijaisha.

"Ndiyo, mama. Amelala."

"Mimi nilitaka aniangalie," akasema Bachubai.