Jina Lenye Mwenyewe

Sikutaka kulisimulia hili, maana mpaka leo nikipita uwanja wa Bungu navuta ushungi usoni, lakini kwa kuwa mnazidi kulitia chumvi, bora nilieleze mwenyewe niliyelifanya.

Timu yetu ya mpira wa pete ilikuwa na wiki tatu tu tangu iruhusiwe. Wazazi walikataa katakata mabinti zao kukimbizana mbele za watu, na aliyewalainisha ni Ustadhi Shomari, mwalimu wetu wa madrasa, aliyepita nyumba kwa nyumba akatudhamini kwamba tutavaa suruali ndefu na ushungi na hatutaleta aibu. Ikitokea aibu moja tu, alituambia, timu haipo.

Basi mimi, kwa kuwa nimemaliza kidato cha nne (Kiingereza nilipata D, ila kwetu D hiyo wanaiona shahada), nikatumwa Kibiti kuchapisha fulana. Tulikubaliana liandikwe jina la kijiji, basi. Kufika dukani nikakumbuka wapinzani wetu wa Ikwiriri wanajiita Powerful, nikaona hapana, hatuwezi kushindwa kwa jina kabla mpira haujarushwa, nikafungua kamusi ya kwenye simu nikaanza kupanda ngazi: great, mkuu, mighty, mwenye nguvu, mwisho nikakuta almighty, mwenye nguvu zote. Nikamwambia mchapaji aandike hilo, mgongoni, kwa herufi kubwa. (Juzuu Amma yote ya Kurani ninayo kichwani, lakini siku hiyo kichwa kilijaa Ikwiriri.)

Siku ya mechi watu walifurika uwanja wa shule, hata madereva wa malori waliegesha barabarani wakaja kutazama. Mtangazaji alilipenda jina letu kuliko sisi wenyewe. Almighty wanashambulia, Almighty wamekosa, Almighty hoi. Tulikuwa tumeshafungwa tisa kwa mbili, na waliosoma wakaanza kunong'onezana, huyu kashika kinywa, yule kainuka kaondoka, nami nikadhani wanatuonea huruma.

Wakati wa mapumziko Ustadhi akaniita pale kwenye meza ya mtangazaji. Hakuwa na hasira, alitaka kujua tu.

"Mwanaidi, mwanangu, hilo neno la mgongoni maana yake nini?"

Nikaanza kusema wenye nguvu zote, na katikati ya maneno hayo ndipo akili ikarudi. "Mwenyezi," nikajibu, kwa sauti ndogo kabisa, ila kipaza sauti kilikuwa hakijazimwa, na neno likafika mpaka barabara kuu.

Uwanja mzima ukasema astaghfirullah kwa pamoja. Wazazi wakaanza kuinuka, na baba yake Zuhura, mfungaji wetu, akawa keshamshika mkono binti yake waondoke. Mimi nililia, siwafichi, nililia mbele ya kadamnasi kwa kuwa nilijua timu nimeiua kwa mkono wangu.

Ustadhi akachukua kipaza sauti.

"Jina hilo lina Mwenyewe," alisema. "Mtoto kakosea, hakukusudia. Mabinti, nendeni darasani mkageuze fulana, maandishi yawe ndani, mrudi mcheze."

Baba Zuhura alimtazama Ustadhi, akamtazama binti yake, akauachia mkono.

Tukarudi na mishono nje na nyuzi zinaning'inia, mtangazaji hajui atuiteje, akawa anasema wale mabinti, wale mabinti wa Bungu, na watu wakalidaka wakawa wanaliimba kila tukipata goli. Mwisho tulifungwa kwa tofauti ya goli moja tu.

Jumatatu nilikwenda mazoezini nikitarajia uwanja mtupu, nikawakuta wenzangu wote na wasichana wawili wapya walioletwa na mama zao, na baba Zuhura juu ya kiti anaikaza pete iliyolegea. Nimeapa sitatafuta tena neno la ukubwa kwenye simu. Nikitaka Ikwiriri watuogope, nitafunga magoli.