Maji Yaingie kwa Chini

Neno lililoniudhi ni "dhahiri". Barua yenyewe ilikuwa kurasa nne, na kila ukurasa ulikuwa nalo, limekaa hapo kama mwenye nyumba. "Ubunifu huu ni dhahiri kwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika fani hii." Niliisoma nimesimama posta, Bungoma, nikairudia, kisha nikamgeukia mama wa kaunta ambaye hakuwa na kosa lolote. "Huyu mtu mwenye ujuzi wa kawaida ni nani? Wewe unamjua?" Akaniambia nisogee, kuna watu nyuma.

Haki ya Mungu, ningependa kumwona huyo mtu. Nimefanya kazi ya kompyuta tangu nitoke chuo na sijawahi kukutana naye. Alikuwa wapi seva zetu zilipokuwa zinaungua? Mbona hakuja kunisaidia, kama kwake mambo yalikuwa dhahiri hivyo?

Mimi natunza seva za chuo kimoja pale Bungoma. Seva ni zile kompyuta zisizozimwa, zinazoshika matokeo ya mitihani, mishahara na kila kitu ambacho kikipotea watu watakutafuta hadi kwenu. Chumba nilichopewa kilikuwa stoo zamani. Dirisha moja dogo, mabati juu, na ukuta mmoja tunashiriki na jikoni. Mashine ya kupoza hewa ilikufa, ikatengenezwa, ikafa tena. Ikifika saa nane mchana, seva zinajizima zenyewe kwa joto, na mkuu wa chuo ananiita ofisini kuniuliza kwa nini ninaziachilia zife. Ninaziachilia! Kana kwamba ni mimi niliyewasha jua.

Kuna mafuta fulani meupe, safi, yasiyopitisha umeme. Ukiizamisha kompyuta humo ikiwa inawaka, inaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea, na joto lake linaingia kwenye mafuta. Hilo sikulibuni mimi wala sikuwahi kusema nimelibuni. Ng'ambo wanafanya hivyo. Lakini wao wana pampu za kuyazungusha mafuta, na mimi pampu zangu mbili ziliungua kwa umeme wetu huu unaokuja na kuondoka unavyotaka. Nilichobuni ni jinsi ya kuishi bila pampu. Nilipanga seva ndani ya tangi la chuma zikiwa zimesimama wima, nikatoboa tangi juu, nikapitisha bomba hadi nje kwenye ukuta wa kivulini, likashuka, likarudi ndani kwa chini. Mafuta ya moto yanapanda na kutoka yenyewe. Yakipoa nje yanashuka na kuingia kwa chini. Hakuna kinachosukuma.

Nikilieleza hivi linaonekana jambo la dakika mbili. Lilinila mwaka mzima na zaidi. Bomba jembamba, mafuta yakagoma. Bomba pana, yakapita kabla hayajapoa. Diski za kuzunguka zikameza mafuta zikafa, ikabidi nitafute zile zisizozunguka. Nyaya zikakakamaa kama spageti mbichi. Sketi zangu zote zilikuwa na madoa.

Na kucheka je! Fundi mwenzangu, mtu wa Bokoli, alikuwa akipita mlangoni kila asubuhi meno nje. "Sasa Madam, leo ni chips ama ni samaki?" Wengine wanavunjika mbavu. Mhasibu alikuja na kachumbari kwa kibakuli, eti ya kusindikizia. Nilicheka nao, kwa shingo upande. Siku seva zilipopita saa nane mchana bila kuzima, halafu saa tisa, halafu wiki nzima, fundi wa Bokoli alikuja akasimama, akaweka mkono kwenye bomba la juu, akaweka kwenye la chini, akaenda zake. Kesho yake alikuwa anawaambia watu, "Si hiyo ni kitu ya kawaida bana. Mafuta moto inapanda juu, kila mtu anajua." Kila mtu! Jana alikuwa anauliza samaki.

Basi nikaamua kuomba hataza, ile hati inayosema kitu hiki kimebuniwa na fulani, asikichukue mtu akakiita chake. Nilitaka iwe na jina langu. Sitaona haya kulisema. Kuna mwanasheria Kitale, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, anayejaza fomu hizo. Aliniuliza maswali mengi, la mwisho likawa wazo lilitoka wapi.

Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Mimi nimelelewa kanisani. Kwetu mtu akisimama kutoa ushuhuda hajisifu. Anaanza na kusema si kwa nguvu zangu, anashukuru hawa na wale, ndipo anafika kwake. Nikaandika hivyo hivyo. "Wazo hili nimelitoa kwa akina mama wa kwetu Saboti, ambao tangu zamani hupoza maziwa kwa kuingiza maji baridi chini ya pipa ili yale yaliyopata joto yatoke yenyewe juu." Niliipenda sentensi ile. Niliisoma kwa sauti. Mwanasheria naye akaitikia kwa kichwa, akasema imekaa vizuri, akaiacha. Angeifuta! Kazi yake ilikuwa nini kama si kuifuta?

Mkaguzi wa hataza aliikamata kwa mikono miwili. Barua ilitaja kwanza maandishi ya zamani kuhusu transfoma zinazojipoza kwa mafuta. Pili, maandishi kuhusu seva ndani ya mafuta. Tatu, mimi mwenyewe. "Mwombaji amekiri kuwa mbinu hii ni mazoea ya tangu zamani." Nimekiri! Kama mwizi wa kuku. Weka moja, mbili na tatu pamoja, na mtu yeyote angefika nilipofika. Dhahiri.

Nilipanda mori. Nilienda Kitale siku iyo hiyo na sikuketi nilipoonyeshwa kiti. Mwanasheria aliniacha nifoke hadi nikaishiwa, kisha akasema iko njia moja. Tuna mwezi mmoja wa kujibu. Alete mama yangu kiapo, aseme kwamba hayo ya pipa ni desturi ya nyumbani tu ya kupoza maziwa, na kwamba hayahusiani kwa vyovyote na kompyuta. Sentensi yangu tutaiita kosa la uandishi. Alikipiga chapa pale pale. Sahihi ya Mama tu ndiyo ilikosekana.

Nilifika Saboti Jumamosi asubuhi. Mama bado anakamua ng'ombe wawili, na nilimkuta akisugua mkebe wa maziwa kwa majivu karibu na pipa lake, bomba la chemchemi likiingia kwa chini kama ninavyolijua tangu utoto. Nilidhani ni jambo la chai moja. Nilimpa kile kiapo na barua ya maombi yangu, akavaa miwani. Mama hasaini kitu kabla ya kukisoma chote, hata risiti.

Akafika kwenye ile sentensi. Nilijua kwa sababu kidole kilisimama.

Mama huzungumza nami Kikuyu. Akikasirika huhamia Kiswahili, kama mtu anayetaka na majirani wasikie. "Akina mama gani?" akaniuliza.

"Si ni nyinyi wa hapa. Kila boma lina pipa kama hilo."

"Kila boma iko nayo. Nauliza, kabla ya kila boma, ilikuwa ya nani?"

Akaweka mkebe chini.

"Hiyo mwaka wewe ulikuwa shule ya boarding," akasema. "Maziwa yangu ya jioni ilikuwa inakataliwa kila siku. Gari ya maziwa inakuja asubuhi, karani anaonja, anamwaga hapo kwa barabara watu wakiona. Sisi wote tulikuwa tunaweka mkebe kwa pipa, tunamwaga maji baridi kwa juu, tunangoja. Siku moja nikaweka mkono ndani hadi chini. Juu iko moto, chini iko baridi. Ngai! Na sisi tunamwaga ya baridi kwa juu! Nikasema, maji iingie kwa chini, isukume hiyo moto itoke. Nikachukua msumari nikatoboa pipa kwa chini, nikaingiza bomba."

Baba alimgombeza wiki nzima kwa kuharibu pipa zima. Majirani waliitana kuja kumwona mwanamke aliyetoboa pipa halafu akalijaza maji. Mmoja alimuuliza kama amezaliwa na wazimu ama umeanza tu. Kisha maziwa yake yakakoma kukataliwa, ya kwao yakaendelea kumwagwa, na wakaanza kuja mmoja mmoja kuazima chumvi, macho kwenye pipa.

"Halafu yule bwana wa maziwa, yule wa kufundisha wafugaji, akaitisha mkutano," akasema Mama. "Akatufundisha. Ati njia ya kisasa ya kupoza maziwa. Ameichora kwa karatasi kubwa, pipa yangu, hata ile tundu. Na mimi niko hapo mstari wa mbele."

"Ukasema nini?"

"Nilipiga makofi. Kila mtu alikuwa anapiga. Ungetaka nifanye nini?"

Niliporudi likizo ya mwaka ule, mapipa yalikuwa kila boma. Niliyaona kama ninavyoona mlima Elgon, kitu kilichokuwepo siku zote. Nimekunywa maziwa hayo hadi nikamaliza chuo, nimeiba wazo lake nikalifunga kwenye seva, na haijanijia hata siku moja kuuliza pipa la kwanza lilitobolewa na nani. Nilimwambia, "Mama, sikujua."

"Hukuuliza."

Nilijaribu kumrudisha kwenye kiapo. Nilimweleza mwezi unavyoisha, jinsi nilivyochekwa, na kwamba bila sahihi yake jina langu halitaandikwa popote. Alinisikiliza. Kisha akaigonga karatasi kwa ncha ya kidole.

"Hapa inasema haihusiani na kompyuta yako. Inahusiana ama haihusiani?"

"Inahusiana."

"Basi siapi uongo Jumamosi, kesho niende kwa meza ya Bwana." Akavua miwani. "Huyo mtu wa barua hanijui, simlaumu. Wewe nimekuzaa, umekunywa hiyo maziwa, na umeniandika akina mama."

Hasira niliyokuja nayo kutoka Bungoma ilikosa pa kukaa. Nilikuwa nimetukana watu wote niliowajua na nisiowajua: mkaguzi, mwanasheria, mhasibu na kachumbari yake, fundi wa Bokoli na kila mtu wake anayejua. Kumbe "kila mtu anajua" nilikuwa nimeliandika mimi, kwa lugha nzuri, kwenye ukurasa wa kwanza, juu ya mama yangu mwenyewe, nikadhani ninatoa shukrani. Nililia pale kwenye matope ya pipa, kwa uchungu na kwa ghadhabu, na Mama hakunibembeleza. Aliendelea kusugua mkebe.

Jibu niliandika mwenyewe. Nilisema wazo lilitoka kwa mwanamke mmoja, nikamtaja. Nilieleza msumari, chumvi na mkutano. Niliuliza, kama maji kuingia kwa chini ni jambo dhahiri, mbona kijiji kizima cha wafugaji kilimwagiwa maziwa barabarani hadi mtu mmoja alipotia mkono ndani ya pipa? Na kama mafuta nayo ni dhahiri, mbona nililetewa kachumbari? Mwanasheria alisoma akashika kichwa. Akaniambia hapa hujitetei, hapa unawapelekea ushahidi wa kukunyonga, maana sheria haijali ni nani alianza, inajali tu kwamba kulikuwa na pipa. Nikamwambia apeleke.

Walikataa, bila shaka. Barua ya pili ilikuwa fupi. Walisema hoja zangu zimezingatiwa, na kwamba mbinu hiyo inabaki kuwa "mazoea yanayojulikana ya wakulima wa eneo hilo." Nilirudi Saboti nayo. Mama alikuwa ameshajua kwa kuniangalia uso. Alitaka kujua kitu kimoja tu.

"Jina langu wameandika?"

"Hapana. Wameandika wakulima wa eneo hilo."

Alitoa kicheko kimoja kikavu. Nilimwambia basi nitamwandika mimi, mahali popote watakaponipa nafasi, na jina lake nitaliweka juu kabisa. Akakataa katakata.

"Usiniandike huko kwa hasira yako. Uliniondoa kwa karatasi ya hao watu. Nirudishe hapo hapo."

Ndiyo maana humu kwenye masimulizi haya hamna jina la mtu. Nimekata rufaa. Mwanasheria amenawa mikono, na fundi wa Bokoli, ambaye siku hizi huwaonyesha wageni lile tangi kama lake, ananiambia napoteza wakati bana. Wacha nipoteze. Rufaa yangu inaanza na jina la Mama, majina yake yote matatu, mstari wa kwanza, peke yake. Wakikataa tena, watakuwa wamelisoma.